Kiapo cha Mchungaji Sifaeli katika Nchi ya Ujitosha

Hii ni habari ya Mchungaji Sifaeli Mgonja wa usharika wa Vuheni, jinsi alivyoingia nchi ya Ujitosha akiwa mtu wa heshima, na jinsi alivyotolewa huko. Wapo wanaoisimulia kwa kuitia chumvi. Mimi nitaisema kama mwenyewe alivyoisema, bila kumpamba, maana mwenyewe hakujipamba.

Sifaeli alikuwa fundi mwashi wa miaka ishirini na miwili, mwenye sauti nene na majivuno ya kuwatosha watu wawili, alipochukuliwa na Mwinjilisti Nakijwa. Mama huyu alikuwa mjane mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, aliyehudumia mitaa mitatu ya kanisa kwa miguu. Hakumfundisha kwa madaftari. Alikwenda naye kwa wagonjwa na kumwamuru akae kimya. Alimfundisha kunawa mikono na kula kinachotolewa, hata kikiwa kiazi kimoja. Alimfundisha kuuliza jina la marehemu na kazi aliyoipenda kabla ya kusimama kuhubiri msibani, na kufunga Biblia mtu akianza kulia, na kungoja. Siku Sifaeli alipohubiri kwa mara ya kwanza alinguruma saa nzima, watu wakapiga makofi. Nakijwa alimsubiri nje ya mlango akamwambia, "Umetuonyesha kwamba unajua. Sasa waliokuja na njaa utawapa nini?" Sifaeli alinuna wiki mbili. Baadaye alikuja kuona kwamba uchungaji wake wote ulianzia kwenye swali lile.

Ni Nakijwa aliyemwandikia askofu barua mpaka yule fundi akapelekwa chuo cha theolojia. Kisha yeye mwenyewe akaitwa Ujitosha na kikundi kidogo cha waumini waliotaka kufundishwa Neno. Barua zake zilikuja kwa miaka miwili, zikakoma. Ikapita miaka kumi. Sifaeli akabarikiwa kuwa mchungaji, akapewa usharika mkubwa, akachaguliwa kuwa mkuu wa jimbo. Wiki chache kabla ya kuingizwa kazini aliandika historia ya utumishi wake ili isomwe mbele ya watu, akampa mkewe aipitie. Mkewe alisoma kurasa zote mbili, akazirudisha mezani, akauliza Mama Nakijwa yuko wapi humo. Hakuwemo. Sifaeli alisema amesahau, lakini moyoni alijua hakusahau. Ukurasa ulikuwa umependeza zaidi bila yeye. Aibu hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Alikusudia kumtafuta, kumshukuru ana kwa ana, na kumleta aketi kiti cha mbele siku ile.

Mpakani mwa Ujitosha alipokewa na Mkaguzi wa Asili, mtu mpole aliyejiita Mwanzo. Mkaguzi aliichukua hati yake, akasoma jina lote, akatoa rula na kalamu nyekundu, akalikata neno Mgonja kwa mstari ulionyooka sana. Alieleza, bila ukali wowote, kwamba katika nchi hii hakuna jina la baba, kwa kuwa hakuna mtu aliyetokana na mtu. Kila raia akifikisha miaka kumi na miwili hujichagulia jina lake, na la utotoni halitajwi tena. Kisha akauliza mgeni amekuja kufanya nini. Kulikuwa na kitu katika upole ule kilichomfanya Sifaeli aseme kwamba amekuja kuhubiri. Alishangaa jinsi uongo huo ulivyomtoka kwa urahisi.

Mwanzo alifurahi. Alisema wahubiri wageni wanakaribishwa, na kwamba Jumapili Sifaeli atasimama katika kanisa la Mtume Pekee, kubwa kuliko yote mjini. Kabla ya mahubiri atakula kiapo, kama wanavyofanya wote. Akamwandikia maneno yake kwenye kipande cha karatasi ayakariri: Sikufundishwa na mtu. Nilichonacho kilinishukia chenyewe. Sina wa kumshukuru chini ya mbingu.

Sifaeli aliyasoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. 

Siku zilizofuata alitembea mjini akaona Sheria ya Chimbuko, ile inayokataza mtu kukiri kwamba alipokea kitu kwa mtu, inavyofanya kazi. Msingi wake, aliambiwa, ni uchaji. Kila kipaji hutoka kwa Mungu, kwa hiyo anayemshukuru binadamu amempunguzia Mungu utukufu. Hakuna aliyeweza kulipinga hilo bila kuonekana mpagani. Salamu ya shikamoo ilikuwa imefutwa kwa kuwa inakiri kwamba kuna mtu aliyekutangulia. Fundi hakupokea ujuzi kwa fundi, hivyo kila mjenzi alilazimika kuvumbua daraja upya. Mto uliokatiza mji ulikuwa umejengewa madaraja kumi na moja, tisa yakaanguka. Mawili yaliyobaki watu waliyavuka mmoja mmoja, midomo ikicheza kwa sala. Hospitalini kila daktari alianza udaktari kutoka sifuri, juu ya wagonjwa waliokuwepo. Wanawake walinyonyesha wamejifunika nyuso, mtoto asije akajua amshukuru nani. Alasiri moja Sifaeli aliketi katika baraza la wanazuoni, ambao kwa siku ya tisa walikuwa wakijadili kama maziwa ya mama hutoka kwa mama. Walipiga kura, wakaamua kwa wingi kwamba hupitia tu.

Kuta zote zilibandikwa nyuso za wahubiri wenye majina kama Asiye na Mwalimu na Moto Usiowashwa. Kila mmoja alikuwa na kanisa lake, na mengi ya makanisa hayo yalikuwa na waumini saba au wanane, kwa sababu yeyote aliyejifunza kitu ndani yake ilimbidi atoke haraka akaanzishe la kwake kabla hajashukiwa kwamba amejifunza.

Lakini vioja hivyo havikumtisha Sifaeli kama ukimya ule. Watu hawakutazamana. Mzee akipita, vijana waligeukia ukutani, asije mtu akadhani wanamfahamu. Sokoni palikuwa na ubao wenye adhabu za Sheria ya Chimbuko, na watu waliupita wakiwa wameinamisha vichwa kama wanaopita mbele ya mbwa mkali. Sifaeli aliusoma. Anayekiri kwamba alifundishwa hatasimama tena mbele ya watu maisha yake yote, na akiwa mgeni atafukuzwa, barua itangulie kwao. Na yule aliyetajwa kuwa amefundisha atapelekwa Nyumba ya Ukimya. Ubao haukusema atarudi lini. Nyumba yenyewe ilionekana kutoka pale sokoni, nyeupe, juu ya kilima, na upande unaoelekea mjini haukuwa na mlango wala dirisha.

Tangu hapo Sifaeli hakuthubutu kumuuliza mtu yeyote habari za Nakijwa. Alitambua kwamba kulitaja tu jina lake huenda kukampandisha kilima kile.

Siku ya Ijumaa palikuwa na mazishi, na Mtume Pekee ndiye aliyeyaongoza. Alikuwa mtu mrefu, wa makamo, aliyekonda kuliko picha zake. Sifaeli alisimama nyuma ya watu. Alimwona Mtume akimwendea mjane wa marehemu na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini, kisha akisimama na kusema kwamba Hodari aliyelala hapa alipenda kuchonga miiko, na kwamba mti wa mchungwa ndio aliouamini. Dada wa marehemu akaanza kulia. Mtume alifunga Biblia yake, akangoja, kichwa amekilaza kidogo upande wa kushoto.

 Ule ungojaji Sifaeli aliujua. Hata kulaza kichwa kule alikujua.

Watu walipotawanyika alimsogelea, akajitambulisha kuwa mhubiri wa Jumapili, akasema tu kwamba ameona jinsi Mtume anavyofunga Biblia mtu akilia. Uso wa Pekee ulipauka. Alijibu kwa sauti kubwa, ili wote wasikie, kwamba hilo lilimshukia lenyewe. Kisha akainama kama anayekung'uta udongo kwenye pindo la kanzu, akanong'ona kwamba yupo, na kwamba anafagia uwanja wa kanisa lake.

"Hajatajwa na mtu bado," alisema. "Tulikuwa saba aliotufundisha, na wote saba tuliapa. Ndiyo maana yuko nje. Nakuomba usimtaje."

Akaongeza haraka kwamba yeye ndiye aliyeapa wa kwanza, na kwamba ni yeye pia aliyempa Mama ufagio ili apate kula. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Sifaeli alimkuta nyuma ya kanisa, akifagia maua ya mjakaranda. Mgongo ulikuwa umepinda na nywele zimeisha weusi, lakini mwendo ulikuwa uleule wa haraka. Sifaeli alifungua kinywa kumwamkia, akaiacha shikamoo njiani, kwa kuwa walinzi wawili walikuwa wamesimama langoni. Nakijwa alimtazama mara moja tu, akaendelea kufagia kuelekea upande wake.

"Okota karatasi," alisema bila kuinua kichwa. "Anayeokota karatasi hatazamwi."

Sifaeli aliinama akaokota. Wakaenda hivyo, huyu akifagia na yule akiokota, kuzunguka kanisa zima. Alimweleza amekuja kufanya nini. Alimweleza pia habari ya ule ukurasa na jina lililokosekana, kwa sababu tangu zamani hakuweza kumficha kitu.  Nakijwa aliuliza hali ya mkewe, akauliza wagonjwa wa Vuheni mmoja mmoja kwa majina, na Sifaeli akaona aibu kwamba wengine hakujua kama wako hai. Kuhusu kurudi, Nakijwa alimwambia haiwezekani, hati zake zilichukuliwa miaka mingi iliyopita. Tena hapa ana watu wa kuwatembelea, na asipokwenda yeye hakuna wa kwenda.

Ndipo Sifaeli akaleta habari ya kiapo. Akikataa kuapa, wataanza kuchunguza alikotoka. Akimtaja, watamchukua. Afanye nini? Alikiri baadaye kwamba pale alikuwa akingoja neno moja tu, aambiwe aape, na alilingoja kama mwenye kiu.

Nakijwa alisimama, akaegemea ufagio.

"Mimi usinitumie kuwa sababu," alisema. "Wakinitaja watanipeleka kule juu, na kule nako kuna watu. Miaka yote hii sijaumwa kwa kutoshukuriwa. Lakini mtazame Pekee. Kila jambo jema analofanya linamtisha, maana anajua alikolipata. Hali akashiba, hacheki. Hivyo ndivyo kiapo kinavyomfanya mtu."

"Kwa hiyo nisiape, Mama?"

"Sikukulea miaka minane ili leo nikuamulie."

Alizichukua zile karatasi mikononi mwake, akazitia kwenye kapu la taka, akaenda zake.

Jumapili kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi, watu kama mia nane. Sifaeli alikuwa ameamua kukataa. Alikuwa amepanga hata maneno ya kukataa kwa adabu. Kisha akasimama mimbarani, akamwona Mkaguzi Mwanzo katika safu ya kwanza, daftari limefunguliwa magotini, kalamu imeshikwa tayari, na uso wake umejaa wema.  Aliiona barua ikifika kwa askofu kabla yake. Aliliona joho la mkuu wa jimbo likirudishwa kabatini. Mlangoni kabisa, nyuma ya watu wote, alikuwa Nakijwa na ufagio wake, na Sifaeli akajiambia kwamba anafanya hivi ili kumlinda.

Akaapa. Sentensi zote tatu, moja baada ya nyingine, wala sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti nzuri, iliyojua wapi pa kutua. Kisha akahubiri, watu wakaitikia amina, na mpaka leo hakumbuki alisema nini.

Mtume Pekee alipanda kutoa baraka. Alishika kingo za mimbari kwa mikono miwili, akainua macho, na baraka haikutoka.  Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ndogo, na waliokaa nyuma walilazimika kuinama mbele wasikie. Alisema kiapo alichokula miaka kumi iliyopita kilikuwa uongo, na kila Jumapili alipowaapisha wengine aliurudia. Alisema hawezi tena.

"Alinifundisha Mama Nakijwa," alisema. "Yule aliye pale mlangoni. Kila kitu mnachokipenda kwangu ni chake. Nashukuru, Mama."

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliokuwa karibu na mlango walianza tu kusogea, kila mmoja akijivuta pembeni mwa Nakijwa kama mtu anayekwepa moto, mpaka akabaki peke yake katikati ya nafasi kubwa. Mwanzo alikuwa akiandika. Walinzi wawili wakaingia. Nakijwa aliuegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu usije ukaanguka.

Pekee alishuka, akapita katikati ya watu wake ambao walikuwa wakifumba macho wasimwone, akasimama mbele yake na kuinama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Katika kanisa lile watu wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jibu hilo. Sifaeli alisema kwamba lilipita juu ya vichwa kama upepo wa baridi, na mzee mmoja aliyekaa karibu naye alianza kutetemeka.

Walinzi walimpitisha Nakijwa katikati ya kanisa mpaka mlango ulio karibu na mimbari, kwa hiyo alipita karibu na Sifaeli. Sifaeli hakuweza kuinua uso. Aliviona viatu vyake vya raba vikisimama mbele yake, akajikaza kusikia linalomstahili. Nakijwa alisema kwa haraka, kama mtu anayechelewa, kwamba kesho ilikuwa siku yake ya kumtembelea bibi mmoja mgonjwa, nyumba ya buluu nyuma ya tangi la maji.

"Nilimwahidi zaburi," alisema. "Nenda wewe."

Akaondoka. Sifaeli anasema kama angemlaani ingekuwa rahisi.

Mwanzo alikuja baadaye kumpa pole kwa ibada kuharibika, akamsifu kwa kiapo alichokiapa vizuri, akagonga muhuri kwenye hati yake, neno Msafi. Alimshauri aondoke kesho mapema, kabla daraja halijachoka.

Kesho yake asubuhi Sifaeli alifika darajani na hati mkononi. Watu watatu walikuwa mbele yake wakingoja zamu ya kuvuka. Alisimama wa nne. Walipovuka wote watatu na zamu yake ikafika, alitoka mstarini akarudi mjini. Hajui alipata wapi miguu ya kurudi, maana hofu haikuwa imepungua hata kidogo. Kila kona aliyokata alidhani ataitwa. Mtu akifunga mlango, yeye aliruka. Mara mbili aliligeukia daraja tena, akaenda hatua kumi, akasimama.

Nyumba ya buluu ilikuwa na chumba kimoja, dirisha wazi, na majirani walikuwa uani wakiosha vyombo. Kitandani alilala kikongwe aliyevimba miguu. Jina alilojichagulia lilikuwa Tuza, na katika maisha yake alikuwa mkunga. Alimtazama mgeni kwa mashaka, akamuuliza nani amemtuma.

Sifaeli aliangalia dirisha, akainama, akanong'ona jina.

"Sisikii," alisema bibi. "Masikio yamekufa. Sema."

Sifaeli akasema kwa sauti ya kawaida. Uani vyombo vilikuwa bado vikigongana.

"Nani?"

Hapo Sifaeli alifahamu kwamba hakuna njia ya katikati. Ama atoke, ama apaze sauti.  Akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti nene aliyowahi kungurumia watu saa nzima:

"Nimetumwa na Nakijwa. Mwinjilisti Nakijwa. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, tangu sijui kitu."

Vyombo vikanyamaza. Dirisha la jirani likafungwa, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka mwisho wa kichochoro.

"Ah, Nakijwa," alisema bibi, uso ukilainika. "Ungesema mapema." Kisha, kwa sauti ya juu kama ilivyo kawaida ya viziwi, akaanza kumweleza kwamba yeye naye alionyeshwa. Kulikuwa na mwanamke aitwaye Semeni, marehemu sasa, aliyemshika mikono yote miwili akamwonyesha jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Watoto mia tatu aliwapokea kwa mikono ile ya Semeni. Alisema hajapata kulisema hilo tangu awe msichana, akalisema tena.

Sifaeli alifungua zaburi. Alikuwa hajafika nusu yake, Mkaguzi Mwanzo aliposimama mlangoni na walinzi wake. Mkaguzi hakumkatiza. Sheria haikuwa na neno juu ya zaburi, naye alikuwa mtu wa sheria. Sifaeli alisoma mpaka mwisho, kisha akaomba, bibi akasema amina.

Mwanzo aliuliza kama ni kweli alilosema, maana kichochoro kizima kimesikia. Alikumbusha kwa upole kwamba jana Mchungaji aliapa vingine, na kwamba kuna homa nyingi mjini msimu huu. Mtu mwenye homa husema mengi. Angeweza kuandika hivyo.

Sifaeli alitamani ile homa. Anasema aliitamani kwa mwili wake wote. Alijibu kwamba si mgonjwa.

Mkaguzi akaandika. Kisha akamgeukia bibi kitandani na kumuuliza kama naye ametaja jina la mtu. Bibi hakusikia. Mwanzo alikaa kidogo, kalamu juu ya karatasi, akimtazama mikono. Hakuuliza mara ya pili. Alilifunga daftari. Kwa nini alifanya hivyo Sifaeli hakupata kujua.

Alitolewa Ujitosha mchana ule ule kati ya walinzi wawili, neno Msafi limekatwa kwa rula na kalamu nyekundu. Njia ilipita chini ya kilima. Alitazama juu, asione kitu ila ukuta mweupe.

Barua ilimtangulia kama ubao ulivyosema. Alipofika Vuheni, ilisomwa katika kikao cha halmashauri, Sifaeli amekaa mwisho wa meza. Ilikuwa barua fupi yenye adabu. Ilieleza kwamba mtajwa aliapa kwa hiari mbele ya watu mia nane kuwa hakufundishwa na mtu yeyote, na kwamba kesho yake alikiri mbele ya mgonjwa mmoja kuwa alifundishwa na mfagiaji aitwaye Nakijwa, kwa hiyo hafai kusimama mbele ya watu. Mjumbe mmoja alicheka, akasema nchi hiyo ni ya vichaa, barua itupwe. Askofu hakucheka. Alimuuliza Sifaeli ni lipi kati ya hayo mawili lililo la kweli.

"Yote mawili niliyasema, Baba Askofu," alijibu. "La uongo nililisema palipojaa watu. La kweli nililisema mbele ya kiziwi mmoja, mara tatu, mpaka aliponilazimisha."

 Mwishowe waliamua kwamba kuingizwa kwake kazini kungoje mwaka mmoja. Sifaeli hakukata rufaa. Aliomba kitu kimoja, apewe ile mitaa mitatu ya Nakijwa, ambayo tangu aondoke ilihudumiwa kwa nasibu. Wakampa. Anaizunguka kwa miguu, na mwanzoni alipotea nyumba nyingi, kwa sababu hakuwa amewahi kuzijua ila akiwa nyuma ya mtu mwingine.

Nakijwa hajarudi. Kanisa limeandika barua nne, zimejibiwa zote kwa adabu kwamba mtu wa jina hilo hajulikani. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa aliyepita Ujitosha alisimulia kwamba Nyumba ya Ukimya inaongezwa vyumba, kwani tangu Mtume Pekee avuliwe mimbari watu wametajana ovyo, na kwamba asubuhi nyingine husikika sauti kutoka kule juu, kama ya watu wanaosoma kwa pamoja. Huenda ni uvumi. Sifaeli huomba iwe kweli, na huogopa iwe kweli.

Jumapili ya kwanza baada ya kikao alisimama mbele ya usharika wake. Hapa hakuna Sheria ya Chimbuko, hakuna mkaguzi safu ya mbele, na milango ilikuwa wazi yote. Hata hivyo alitazama safu ya mbele kwanza, kisha mlango. Hakufungua kitabu. Aliwaambia kwamba alikuwapo mwanamke aliyeitwa Nakijwa, ambaye wengi wao walikula naye na kuzikiwa wafu wao naye, na kwamba huyo ndiye aliyemtoa kwenye matofali akamfanya mchungaji wao. Akawaambia alivyofanya alipoulizwa juu yake. Hakuliacha hata neno moja la kiapo.

Kisha akabaki amesimama palepale, akingoja kuona watamfanya nini.